Kuni za mti ulioanguka, kwa anayepikia sufuria kubwa

Mabinti wanaokuja kwangu kujifunza upishi wa shughuli huanza na viungo: iliki ngapi, mdalasini kiasi gani, kitunguu kifike rangi ipi. Nawajibu, kisha nawachukua uani nikawaonyeshe banda la kuni, na wengi wao hununa. Wanadhani nawatuma. Mimi sijaona bado pilau ya kilo hamsini iliyoharibiwa na iliki. Nimeona nyingi zilizoharibiwa na kuni mbichi: saa tano hiyo, wageni wanaingia, nyama haijaiva, mpishi machozi yanamchuruzika, na mama mwenye shughuli anapitapita kuuliza kuna nini.

Napikia harusi, maulidi na hitima huku Kilwa, kuanzia Masoko na Kivinje mpaka vijiji vya ndani kama Njinjo. Kuni zangu karibu zote ni za miti iliyoanguka yenyewe: mitondoro na miyombo ya porini, mikorosho iliyochoka, miembe iliyolazwa na upepo. Mti ulio chini haumgharimu mtu roho ya mti mwingine, na mara nyingi unapatikana bure au kwa soda ya mwenye shamba. Ila una mambo yake, na anayeukimbilia na panga kwa sababu tu ni wa bure huishia kupata moshi, au jeraha.

Najua watakaosema gesi. Gesi ninayo, ya chai na ya kukaangia vitunguu. Hata hiyo gesi asilia inayokwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004 inatoka Songosongo, kisiwa cha wilaya yetu hii hii. Serikali nayo imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Siku mtungi utakapobeba sufuria ya kilo hamsini kijijini, kwa bei ambayo baba wa bibi harusi anaimudu, nitauza shoka langu. Kwa sasa tuongee kuni.

Mti ni wa nani

Hilo ndilo la kwanza, kabla hujanoa chochote. Mti ulioanguka shambani ni wa mwenye shamba, hata kama umelala barabarani. Ulioanguka porini, kwenye ardhi ya kijiji, uko chini ya serikali ya kijiji, na karibu kila kijiji chenye msitu kina kamati ya maliasili na sheria zake ndogo. Kuokota kuni zilizokufa kwa matumizi ya nyumbani kwa kawaida hakuna shida, lakini kijiji hiki kina siku zake za kuingia na kile kina eneo ambalo haliguswi kabisa. Muulize mtendaji. Mimi nikitaka kuni za shughuli, siyo za ugali wa jioni, naenda ofisini nikiwa nimevaa vizuri, nasema ni kiasi gani na za kazi gani, na kama kuna ada nalipa nachukua risiti. Kuni za kuuza ni habari nyingine: zinataka kibali, na ukizipakia kwenye gari zinataka hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Ukikutwa kizuizini bila karatasi, kusema kwamba mti ulianguka wenyewe hakukusaidii.

Msitu wa hifadhi ya serikali uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Huko usiingie kwa kubahatisha. Mikoko nayo ni hifadhi. Nawajua watu wanaosema mkandaa uliokwisha kufa si mkoko tena. Waache waseme, wewe usiuguse.

Halafu kuna miti ambayo hata ikiwa chini, hata ikiwa shambani kwako, si kuni: mpingo, mninga, mkongo. Hiyo ni miti ya thamani, sheria inailinda, na kwetu Kilwa vijiji kama Kikole vinauza mpingo wa msitu wao wenyewe na fedha inaingia kijijini. Gogo la mpingo linaweza kulala porini miaka mingi, mchwa wakala nyama nyeupe ya nje yote, na kile kiini cheusi kikabaki kizima kabisa. Utalijua kwa uzito, kwa sababu kipande chake ukikitupa majini kinazama. Ukikutana nalo, kawaambie kamati. Kulichanja ili uchemshie maharage ni ujinga wa kiuchumi, nje ya kuwa ni kosa.

Mti gani unafaa

Kwa sufuria kubwa mimi napenda mtondoro kuliko mti wowote wa huku. Unawaka taratibu, moshi wake mchache ukiwa mkavu, na unaacha makaa mazito yanayodumu. Myombo unaufuata kwa karibu. Mkwaju ni mkali sana, makaa yake hayana mfano, ila kuuchanja ni adhabu kwa sababu nyuzi zake zimesokotana. Mvinje wa pwani unawaka vizuri hata kabla haujakauka sawasawa, jambo ambalo miti michache sana inaliweza. Lakini mivinje iliyosimama ufukweni inazuia upepo na mchanga, kwa hiyo subiri ianguke yenyewe na umuulize mwenye eneo.

Mwembe na mkorosho ndiyo miti ya wapishi wengi, kwa sababu ndiyo iko mashambani. Yote miwili ni mizuri ikikauka. Ikiwa mibichi ina utomvu unaochoma ngozi, na wapo watu ambao moshi wake huwavimbisha macho. Kata ukiwa na mikono mirefu, usijifute uso, nawa kwa sabuni. Mkorosho una moto mwepesi unaopanda haraka. Mimi nautumia kuanzishia, siyo kumalizia.

Mnazi hauna mambo mengi. Shina lake ni nyuzi tupu lenye maji, linachukua muda mrefu kukauka na halina makaa ya maana. Chukua makumbi, vifuu na makuti makavu ya kuwashia, shina mwachie anayetaka mbao au daraja la kuvukia mfereji. Mbuyu hata usisogee, ule si mti wa kuni, ukikatwa unabaki nyuzi nyuzi na maji. Msufi vilevile.

Mnyaa usiupeleke jikoni kamwe. Maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kukupofusha, na moshi wake nao ni mbaya. Kuna watu wanauzungushia ua, na ua ukianguka watoto hukusanya vijiti vyake vikavu bila kujua. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, zile za mapaa yaliyobomolewa, zisikaribie chakula. Na kama mti huujui jina, usiupikie. Muulize mzee mmoja wa hapo hapo. Kila kijiji kina mtu anayejua mti upi unamwaga utomvu na upi unatia uchungu kwenye mboga.

Umekufa lini

Mti uliong'olewa wiki iliyopita na tawi lililokauka mtini miaka miwili kisha likaanguka jana si kitu kimoja, ingawa yote mawili yapo chini. Tawi lililofia juu limekaushwa na upepo; hilo unaweza kulipikia wiki hiyo hiyo. Gogo lililofia juu ya udongo limekuwa likinywa unyevu kutoka chini, na mchwa wameshafungua mlango.

Angalia gome. Likiwa limeshika na ukilichuna unakuta utelezi, mti ni mbichi. Likiwa limeachia lenyewe na ndani ni kukavu, umeshaanza kuiva. Gonga kwa mgongo wa panga: mzima unalia, uliooza unameza sauti. Choma kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama bila nguvu, acha. Mti uliooza unawaka, nisikudanganye, lakini unawaka kama karatasi bila joto la kutosha, na moshi wake unaingia kwenye wali.

Gogo lililoegemea mwamba au matawi yake likawa juu ya ardhi, chukua sehemu iliyo juu. Sehemu inayogusa udongo iache pale pale. Mchwa wanaihitaji, udongo unaihitaji, na wewe huihitaji. Vilevile gogo lenye tundu refu ndani ni nyumba ya mtu: kenge, nyoka, nyuki, kicheche. Wazee wa kamati kwetu wanasisitiza kila anayechukua kuni aache baadhi ya magogo makubwa porini, na mimi nakubaliana nao kwa sababu yangu binafsi ya uvivu: gogo kubwa ndilo gumu kuchanja.

Mti uko chini lakini haujatulia

Hapa ndipo nataka usome polepole, na kama ni mwanao wa kiume unayemtuma, msomee.

Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, mvua ile iliyokata barabara ya Dar pale Somanga na kukwamisha magari iliacha mashamba mengi na miti iliyolala. Wazee wa Lindi walikumbushia kimbunga cha 1952. Kila mtu alitoka na shoka. Shemeji yangu, ambaye amefanya kazi ya kupasua mbao porini maisha yake yote, alitembea kwenye shamba letu akiwa ameweka mikono nyuma, bila kushika kitu, akizunguka kila mti. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta mahali mti ulipokasirika.

Ana maana kwamba mti ulioanguka una nguvu iliyobanwa ndani yake. Tawi lililokunjwa chini ya shina limepindwa kama upinde. Ukilipiga upande uliovutika linafyatuka na kukurudia usoni au kifuani. Kwa hiyo tazama kwanza upande gani nyuzi zimevutika na upande gani zimebanwa. Anza kukata kidogo upande uliobanwa, halafu malizia upande uliovutika, na wewe usimame pembeni, usisimame mahali ambapo tawi lingependa kwenda. Shina lililobebwa ncha zote mbili, katikati likaning'inia, limebanwa juu na kuvutika chini. Ukianza na msumeno juu na kuendelea tu, linafunga na kuuma msumeno hautoki. Ingiza vigogo au mawe chini yake kwanza, pale unapotaka kukata, likae sawa. Shina lililoshikwa ncha moja, ile nyingine ikawa hewani, ni kinyume chake: limebanwa chini.

Mti uliong'oka na mizizi yake ndio wa hila zaidi. Udongo umenyanyuka wima pamoja na mizizi, na shimo limebaki wazi. Shina zito ndilo linaloushikilia hivyo. Ukilikata karibu na mizizi, uzito umeondoka, kisiki kinaweza kurudi shimoni kwa kishindo. Watoto wanapenda sana kucheza kwenye shimo lile. Wafukuze mpaka nyumbani, usiwaambie tu wasogee.

Mti ulioanguka ukaegemea mwingine, haujafika chini, huo si wako. Usiupande, usipite chini yake, usiukate ule uliouegemea. Subiri upepo uumalize, au watafute watu wenye kamba na uzoefu. Na mti uliolalia nyaya za umeme ni wa TANESCO, wapigie wao, hata kama taa zimezimika mtaa mzima.

Baada ya hapo ndipo wadudu na nyoka. Gogo livute kuelekea kwako, usilisukume mbele, ili kilichomo chini kitokee upande wa pili na gogo liwe kati yenu. Kifutu hakimbii mtu, analala pale pale na anafanana na majani makavu. Nge wanakaa chini ya gome lililoachia. Vaa buti; kandambili ni za bafuni. Ukisikia nyuki ndani ya shina, liache, na usithubutu kuwasha moto kuwafukuza, maana kiangazi nyasi za porini zinangoja cheche moja tu.

Matawi yatoe ukianzia kwenye shina kuelekea kileleni, ukisimama upande mmoja wa shina na kukata tawi la upande wa pili, ili shoka likiteleza likutane na shina badala ya muundi wako. Kukatisha gogo kwa shoka, fungua kinywa kipana, upana wake uwe karibu sawa na unene wa gogo, la sivyo utafika katikati shoka halina pa kuingia. Msumeno wa mkono wa watu wawili ni bora, unapoteza mti kidogo. Msumeno wa mnyororo una kasi lakini unataka mtu aliyefundishwa, na porini una taratibu zake za kibali. Uliza kabla hujaukodi.

Kuchanja

Kama ungechukua jambo moja tu katika haya yote, chukua hili: chanja mapema, ungali mbichi. Watu hufanya kinyume. Wanakata magogo, wanayarundika nyuma ya nyumba, wanasema yakauke kwanza. Gogo zima halikauki. Maji ya mti hutoka kwa urahisi kwenye ncha zilizokatwa na kwenye uso uliochanjwa, gome linayazuia. Mti uliokatwa leo, theluthi mpaka nusu ya uzito wake ni maji, na hayo yote ukiyapeleka motoni, moto utafanya kazi ya kuyachemsha hayo kwanza ndipo ukumbuke nyama yako. Zaidi ya hapo, mtondoro mkavu ni chuma. Mbichi unachanika kwa mapigo machache.

Katisha vipande vya dhiraa moja kwa jiko la nyumbani, dhiraa moja na nusu kwa sufuria kubwa. Ndefu kuliko hapo zinachelewa kukauka katikati. Simamisha kipande juu ya gogo pana, usichanjie juu ya mawe wala sakafu ya saruji, utaharibu shoka. Tafuta ufa uliopo kwenye ncha na ufuate huo. Kipande kinene usikipige katikati. Kibandue pembeni, vibanzi vibanzi, ukizunguka, mpaka kibaki kiini chembamba. Chenye fundo kigeuze fundo liwe chini. Kikikataa, weka kabari za chuma mbili, moja baada ya nyingine kwenye ufa ule ule. Kabari ya mti mgumu nayo inafanya kazi, ila ipigwe kwa rungu la mti. Miguu iwe mbali kidogo, magoti yakunjwe shoka linaposhuka. Mpini ulegee au utikisike, acha, kautie maji au uukaze. Shoka lililochomoka kwenye mpini halichagui mtu.

Unene: kuni za kuchemshia ziwe kama kifundo cha mkono. Za kupata makaa ziwe nene kama mguu wa mtoto. Changanya, utahitaji zote.

Shoka linolewe kwa tupa kwanza kisha kinoo. Butu ndilo linaloteleza.

Kamba na mzigo

Ukiwa na myombo ulioanguka karibuni, kamba umeshapewa. Gome lake la ndani, likiwa bado bichi, linachunika kwa vipande virefu vigumu, na ndilo wazee wetu walilofungia kuni, mizinga na nyumba. Chuna kwenye huo uliolala. Kuna vijana wanachuna mti uliosimama ili wafungie kuni za mti ulioanguka, na ule uliosimama, ukivuliwa gome mzunguko mzima, unakufa.

Mzigo wa kichwani usizidi unaoweza kuunyanyua bila kusaidiwa na watu wawili. Ngata iwe nene, ya kanga iliyokunjwa, siyo majani. Shingo hazina vipuri. Kwa shughuli mimi natumia guta, na namlipa kijana.

Kwa kukadiria: mchele wa kilo 25 pamoja na nyama yake naagiza mizigo miwili ya kichwani ya kuni kavu, na mmoja wa akiba. Zikiwa na unyevu, hata mitatu haikutoshi, na utakuwa umepika kwa moshi.

Kuanika

Kuni zipangwe juu, siyo chini. Mimi nimeweka mistari miwili ya mawe, juu yake miti mirefu ya zamani, ndipo kuni. Mchwa bado watajaribu, kwa hiyo kila wiki chungulia chini, ukiona njia yao ya udongo inapanda jiwe, ivunje. Juu weka bati au makuti ya kuzuia mvua. Ubavuni acha wazi kabisa. Kuna mtu atakushauri ufunike kwa turubai mpaka chini zisiloane. Akifanya hivyo kwake, mwache, baada ya mwezi atakuwa analima uyoga. Kinachokausha kuni ni upepo kuliko jua, na sisi wa pwani tuna kusi kuanzia karibu Aprili mpaka Septemba, upepo wa bure. Panga ubavu mrefu wa rundo ukabili huko. Acha nafasi ya panya kupita kati ya kuni na kuni, lakini siyo paka.

Nafasi kati ya rundo na ukuta wa nyumba ni shubiri mbili au zaidi, kwa sababu ya mchwa na nyoka, wote wawili.

Muda? Mwembe wetu ulioanguka na Hidaya mwezi wa tano ulichanjwa kabla ya Juni kwisha, na kuni zake tulizipikia Maulidi, Mfungo Sita, ambayo mwaka ule iliangukia Septemba. Hiyo ni miezi mitatu ya kiangazi, na zilichanjwa nyembamba. Zile nene ziliendelea kukaa. Zingeanikwa mwezi wa kumi na mbili mvua zikianza, ningezidisha mara mbili.

Kujua zimekauka, gonganisha mbili. Kavu inalia kwa sauti kali, mbichi inatoa mlio mzito uliokufa. Ncha zinakuwa na nyufa zinazotoka katikati kama miale. Gome linadondoka. Ukiinyanyua unashangaa wepesi wake. Na kama bado una shaka, tia moja motoni uiangalie ncha ya nyuma: ikitoa povu na kulia chiiii, rudisha zote uchagani. Za dharura, hasa wakati wa masika, nina uchaga mdogo juu ya meko ya nyumbani, moshi unazimalizia. Zisikae karibu na moto kiasi cha kushika, na usiende kulala ukiwa umezijaza pale.

Motoni

Sufuria ya kilo hamsini haikai kwenye mafiga ya nyumbani. Tunaweka mawe makubwa matatu yaliyozikwa kidogo ardhini, au jiko la chuma la pembetatu, na tunaacha nafasi chini ambapo mkono unaingia wima. Mawe yasiwe ya mtoni wala yaliyoloa, hupasuka. Meko iwe nje au kwenye banda lililo wazi. Makaa usiyaingize chumbani kwa ajili ya joto au kuweka chakula moto ukiwa umefunga madirisha. Hewa yake inaua bila harufu.

Anza na makumbi na vifuu, juu yake mkorosho mwembamba, ukishashika ndipo mtondoro. Kosa la wengi ni kujaza. Kuni nne zilizoachiana zinazidi kumi zilizobanana, maana moto unataka hewa kutokea chini. Sukuma kuni kwa ncha kadiri zinavyoliwa, usiongeze mpya mpaka lazima. Wakati wa kukaanga vitunguu unataka ulimi wa moto, na hapo kuni nyembamba ndizo kazi yake. Supu ya nyama inapochemka, weka zile nene, uzisahau.

Mchele ukishaingia na maji yakaanza kukauka, toa vinga vyote. Vyote. Watu wanabakiza kimoja, na chini panaungua. Tandaza makaa chini, mengine chota kwa koleo upalie juu ya mfuniko, mfuniko mzito wa bati nene, majani ya mgomba yakiwa chini yake. Hapo ndipo utakapoujua mti wako. Makaa ya mkorosho yatakuwa majivu kabla wali haujakauka na utaanza kukimbizana na kijana alete mengine. Ya mtondoro yatakaa mekundu mpaka mkeka utandikwe.

Vinga nilivyotoa navizika mchangani vizimike, simwagii maji, kwa sababu kinga kilichozimwa kwa mchanga kinashika haraka kuliko kuni yoyote na ndicho nitakachowashia shughuli ijayo. Makaa mazima yanayobaki nayafunika kwenye debe lenye mfuniko, yanakufa yenyewe kwa kukosa hewa. Meko nalimwagia maji mwisho kabisa, nalikoroga, namwagia tena, maana gogo nene linaweza kushika moto ndani usiku kucha na upepo wa alfajiri ukalikumbusha. Na kwamba vinga na makaa yaliyobaki ni yangu nalisema siku ile ile ya kupatana bei, mbele ya watu, ili mama mwenye shughuli asije akasema mpishi ameondoka na kuni zake.